Nani Anamlisha Mwalimu wa Madrasa?

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Lusu, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, baada ya swala ya Ijumaa)



  



Tulipoitwa kuja kuzungumza nanyi tuliachiwa tuchague mada wenyewe. Wapo waliotarajia tuzungumzie fadhila za elimu, na wapo waliotaka tuzungumzie mmomonyoko wa maadili ya vijana. Mada zote hizo ni nzuri na mmezisikia mara nyingi. Leo tumechagua kuzungumzia chakula. Tunakusudia chakula hasa, wali na ugali, kinachopikwa au kisichopikwa katika nyumba ya mtu anayewasomesha watoto wetu Qur'ani.

Tulifika hapa Jumatano alasiri, tukapita kwanza madrasani. Banda tulilikuta. Mikeka tuliikuta imekunjwa, na mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani. Watoto hawakuwapo. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi jirani akatueleza kwamba ustadhi yuko kibaruani. Tukamfuata huko. Tulimkuta ndani ya jaruba la mtu, suruali imekunjwa hadi magotini, anapandikiza mpunga kwa ujira wa siku. Mwenye jaruba lile ana watoto watatu wanaosoma kwa mwalimu huyo huyo. Ina maana alikuwa amemlipa mwalimu ili watoto wake wasisome.

Hatutamtaja mwenye jaruba, kwani hakufanya kosa la peke yake. Alihitaji kibarua, na kibarua alihitaji chakula. Mwalimu naye tulimwomba idhini kabla ya kulisema jambo hili mbele yenu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akatukubalia kwa sharti moja, kwamba tusimwombee sadaka yeye. Tumelitimiza sharti lake. Tunachokuja kukizungumza leo ni madrasa, nayo ni yenu.

Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah (s.w.) anawataja mafakiri waliozuilika katika njia yake, wasioweza kuzunguka katika ardhi kutafuta riziki. Anaeleza kwamba asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, na kwamba alama zao ndizo zinazowatambulisha. Wafasiri wengi wameitaja aya hii pamoja na Ahlus-Suffa, wale Maswahaba maskini waliokaa katika ukumbi wa msikiti wa Madina wakijifunza dini. Miongoni mwao alikuwamo Abu Hurayra (r.a.), ambaye amesimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akifunga jiwe tumboni kwa njaa. Mtu huyo mwenye njaa ndiye aliyetufikishia hadithi zaidi ya 5,000. Tujiulize ingekuwaje kama njaa ile ingempeleka kwenye vibarua vya mashamba ya mitende.

Wala watu wa Madina hawakuwaacha hivi hivi. Imo katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaagiza wenye chakula cha watu wawili wamchukue mmoja wa watu wa Suffa awe wa tatu. Na katika Sunan Tirmidhi, kwa upokezi wa al-Baraa bin Azib (r.a.), tunaelezwa kuwa Ansari wenye mitende walikuwa wakileta vishada vya tende na kuvitundika msikitini. Mwenye njaa katika Ahlus-Suffa alikuwa akikipiga kishada kwa fimbo, tende zikadondoka, akala. Wakatokea baadhi ya watu ambao kheri haikuwashughulisha sana, wakawa wanatundika vishada vya tende mbovu zilizonyauka. Ndipo ikateremka aya ya 267 ya sura hiyo hiyo ya al-Baqara, inayowakataza waumini kukusudia kilicho kibaya wakakitoa, hali wao wenyewe wasingekipokea isipokuwa kwa kukifumbia macho. Hadithi hii tunaomba ikumbukwe mwezi wa sita, wakati wa kupepeta, pale mkono unapotaka kulijaza debe la madrasa kwa mpunga wenye pumba.

Ndugu Waislamu, dini haikufika katika nchi hii ya Unyamwezi kwa majeshi. Ilikuja na misafara. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, na hapo ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine ikaelekea kaskazini kwenye ziwa. Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze mwishoni mwa mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kukaa, wana nyumba na bustani. Mwaka uliofuata Speke alipita upande wetu huu akienda ziwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walikwenda pwani na meno ya tembo, wakarudi na nguo na shanga, na baadhi yao wakarudi na shahada.

Lakini msafara hausomeshi. Msafara unalala usiku mmoja au miwili, kisha unaondoka. Uislamu ulibaki pale tu ambapo mtu mmoja aliachwa na msafara, akajenga kibanda, akawakusanya watoto na kuwafundisha alifu na bee. Wala mtu huyo hakuishi kwa hewa. Kulikuwa na waliomkatia shamba, na waliompelekea maziwa. Watoto walimchotea maji na kumkatia kuni, nao wazazi walimpelekea fungu la nafaka kila baada ya mavuno. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na tumewahi kuwaona watoto waliogeuzwa kuwa watumwa wa shamba la mwalimu wakamaliza miaka minne hawajui juzuu moja. Hata hivyo ulikuwa ni utaratibu. Sisi tumeuvunja na hatujaweka kitu mahali pake.

Hapa hatuna budi kujisema sisi wenyewe, tunaojiita watu wa kurejesha dini kwenye Qur'ani na Sunna. Kwa miaka mingi tumesimama juu ya mimbari tukikemea hitima za kulipwa, hirizi, kombe na talasimu. Tulikuwa sahihi kukemea, na hatubadilishi neno. Lakini je, tulipata kujiuliza kwa nini mwalimu wa kijijini aliandika hirizi? Wapo walioziandika kwa sababu waliziamini. Wengine, nasi tunawafahamu kwa karibu, waliandika kwa sababu hirizi moja ilileta kuku, na kusomesha watoto hamsini mwaka mzima hakukuleta hata yai. Jamii ilikuwa tayari kumlipa mwalimu amwondolee jini, amsomee maiti, ampigie ramli ya ng'ombe aliyepotea. Haikuwa tayari kumlipa amfundishe mtoto Suratul Faatiha. Tukaja sisi, tukamfungia mlango wa kuku, tukaondoka na kipaza sauti chetu. Wengine wetu tulikuwa na posho iliyotoka nje ya nchi kila mwezi, na ni rahisi mtu mwenye posho kuihubiri ikhlasi.

Tunakiri haya kwa sababu wapo walimu waliotusikiliza wakaacha hirizi kwa ajili ya Allah (s.w.), kisha wakalala na njaa, na hakuna aliyewauliza. Mwalimu wa hapa ni mmoja wao.

Huenda mtu akauliza: je, inajuzu kumlipa anayefundisha Qur'ani? Suali hili ni la zamani na wanazuoni wamelijadili kwa kirefu. Imesimuliwa katika Sunan Abi Dawud kwamba Ubada bin as-Samit (r.a.) aliwafundisha baadhi ya watu wa Suffa, mmoja akampa upinde, na Mtume (s.a.w.) akamtahadharisha vikali juu ya zawadi ile. Kwa upande mwingine Bukhari amepokea kisa cha Maswahaba waliomsomea mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu wakapewa kundi la kondoo, na Mtume (s.a.w.) akaridhia, na katika upokezi wa Ibn Abbas (r.a.) akabainisha kuwa Kitabu cha Allah kina haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Imam Malik na Imam Shafii walijuzisha. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza, lakini waliokuja baada yao wakajuzisha, na sababu waliyoitoa inafaa kuzingatiwa. Walisema kwamba zamani walimu walikuwa wakipewa riziki zao kutoka Baitul Mal, na riziki zile zilipokatika ikaogopewa kuwa Qur'ani itapotea kwa kukosa wa kuifundisha. Imesimuliwa pia kuwa Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwawekea walimu watatu waliokuwa wakifundisha watoto Madina dirhamu 15 kila mmoja kwa mwezi.

Kwa hiyo tofauti ya wanazuoni ilikuwa juu ya nani alipe na kwa njia gani. Hatujapata kusikia mwanachuoni aliyesema mwalimu aachwe na njaa. Mwenye kuona uzito wa mzazi kumlipa mwalimu mkononi, kama mtu anunuavyo sukari, basi alipe kupitia hazina ya msikiti, na hilo sisi tunaliona ni bora zaidi, kwani linamhifadhia mwalimu heshima yake na linamlinda mtoto wa maskini asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada.

Sasa tuje kwenye mali zenyewe. Mara nyingi tunapowauliza Waislamu wa vijijini juu ya zaka tunajibiwa kuwa zaka ni ya matajiri wa mjini wenye fedha benki. Tukitazama nje ya msikiti huu tunaona ng'ombe. Mwenye ng'ombe 30 wanaojilisha malishoni sehemu kubwa ya mwaka, waliotimiza mwaka mikononi mwake, anawajibika kutoa ndama mmoja aliyetimiza mwaka. Wakifika 40 anatoa mtamba wa miaka miwili. Mwenye mbuzi au kondoo 40 anatoa mmoja. Ni wangapi kati yetu wana zizi la namna hiyo, wanaswali, wanafunga, na hawajatoa ndama tangu baba zao wafariki?

Katika mazao, nisabu ni wasaqi tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa kiasi cha kilo 653 za nafaka. Kwa mpunga unaowekwa na maganda yake, wanazuoni wa Kishafii wamesema nisabu ni maradufu, wasaqi kumi, yaani yapata kilo 1,300. Mwenye kuvuna kiasi hicho kwa maji ya mvua, kama tulimavyo hapa, anatoa sehemu moja ya kumi. Aliyemwagilia kwa gharama anatoa nusu yake. Zaka hii haingoji mwaka utimie, hutolewa siku ya mavuno. Na kwa ndugu zetu wachimbaji wadogo wa wilaya hii, dhahabu inayofikia gramu 85 ina zaka ya asilimia mbili na nusu, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, dhahabu itokayo ardhini haingoji mwaka.

Je, zaka inaweza kwenda madrasani? Hapa tuwe waangalifu, kwani tumeona watu wakichanganya. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane. Mwalimu ambaye ni fakiri anapewa kwa ufakiri wake. Mwanafunzi maskini anapewa. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika al-Majmu' kwamba mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi, akiwa ameshughulika na kutafuta elimu ya sharia kiasi kwamba kazi ingemkatisha, zaka ni halali kwake. Wakati huo huo akasema anayejitenga kwa ibada za sunna tu hapewi. Ama mabati, matofali na saruji, jamhuri ya wanazuoni wa kale hawakuona kuwa zaka hujenga majengo. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliolipanua fungu la fii sabilillah, nasi hatuwalaumu wanaowafuata. Lakini kwa kuwa njia ya sadaka na wakfu ipo wazi na haina khilafu, hatuoni haja ya kuibebesha zaka jengo. Zaka iende tumboni mwa maskini, na sadaka ijenge.

Tumetaja wakfu, na hapa ndipo tungependa mtusikilize zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mwaka wa saba wa Hijra, baada ya Khaybar, Umar bin al-Khattab (r.a.) alipata shamba huko, mali ambayo hakuwahi kupata nyingine aipendayo kama hiyo. Akaja kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza afanye nini nayo. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwamba akitaka, alizuie shina lake na kuyatoa sadaka matunda yake. Umar akalifanya shamba lile lisiuzwe, lisipewe mtu na lisirithiwe. Mapato yake yakawa ya mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Allah, msafiri na mgeni, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na ndiyo msingi wa wakfu wote ulimwenguni.

Watu wa Lusu mnaielewa hadithi hii kuliko sisi tuliosoma vitabuni, kwa sababu mmeona kinyume chake kwa macho yenu. Katika kata hii ulikuwapo mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute kutoka Australia, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa kisasa katika nchi yetu. Ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa mwaka 1998 na ukafungwa mwaka 2014. Zilitoka aunsi zaidi ya milioni mbili. Leo limebaki shimo. Hatusemi haya kumlaumu mtu, na hatuijui hesabu ya nani alipata nini. Tunasema tu kwamba mgodi kwa tabia yake hula shina, na kila aunsi inayotoka haipo tena. Vijana wa hapa waliofanya kazi pale walipata mishahara kwa miaka kumi na mitano. Hebu tujiulize, kama katika miaka ile kila Mwislamu aliyepokea mshahara pale angechangia ununuzi wa ekari moja tu kwa ajili ya madrasa, mwalimu angekuwa kibaruani Jumatano?

Sasa tazameni miembe ya Tabora. Waliopita na misafara walikula embe wakaacha kokwa, na wengine walipanda kwa kukusudia. Majina yao hayajulikani, lakini watoto wa shule wanakula embe hadi leo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kila akilacho mtu, ndege au mnyama huandikwa sadaka kwake. Mwembe hauulizi aliyeupanda yuko wapi.

Vyuo vikubwa vya Kiislamu vilisimama kwa njia hii. Msikiti wa al-Qarawiyyin wa Fez, ambao ndani yake kilikua chuo mashuhuri, unanasibishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, aliyetumia mirathi yake kuujenga mwaka 859. Tunawaomba mama zetu walizingatie jambo hilo. Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza mwaka 970, kwa karne nyingi iliwagawia wanafunzi wake mikate iliyotokana na mapato ya wakfu, na mwanafunzi kutoka mbali alilala katika riwaqi ya watu wa nchi yake bila kulipa. Sisi wenyewe tulisoma kwa lugha ya Kiarabu, mbali na nyumbani, tukala chakula ambacho hatukukilipia, kilichotolewa na watu ambao hatutawajua hadi Kiyama. Tulipokuwa tukila hatukulifikiria sana. Tumelifikiria tuliporudi tukakuta madrasa yetu ya utotoni imekuwa zizi la mbuzi.

Wapo watakaosema: mwandikieni mfadhili. Tumewaandikia, ndugu zetu, na baadhi wamejibu kwa wema mkubwa, Allah awalipe. Visima vingi na misikiti mingi katika nchi yetu imejengwa na ndugu zetu wa Ghuba. Lakini mfadhili hupenda jengo lenye kibao na picha ya ufunguzi. Mara chache hupenda kulipa chakula cha mwalimu kwa miaka ishirini. Na mlango wake unaweza kufungwa na upepo usiotoka kwetu. Baada ya milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 1998, na zaidi baada ya Septemba 2001, taasisi kadhaa za misaada za Kiislamu zilibanwa. Januari 2004 matawi ya al-Haramain ya Kenya na Tanzania yaliingizwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Hatukukaa hapa kuhukumu kesi ile. Tunalolijua ni kuwa kuna madrasa ambazo posho ya walimu ilikatika kwa mwezi mmoja, na mwezi uliofuata hapakuwa na madrasa. Miaka yote ya ufadhili hakuna aliyepanda hata mwembe.

Historia yetu ya karibu nayo ina mafunzo. Jamiatul Islamiyya iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933 ilijenga shule yake Kariakoo kwa michango ya watu wenye kipato kidogo. Jumuiya ya EAMWS, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945, ilijenga misikiti na shule sehemu nyingi, na Aga Khan aliongeza shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa na Waislamu, maana yake watu walichanga. EAMWS ilipovunjwa Desemba 1968 mali zake zikahamia mikono mingine. Wazee wanayo mengi ya kusema juu ya hilo, na hatutalifungua leo. Tunachukua moja tu: mali ya umma wa Kiislamu isiyojulikana kwa maandishi kijijini kwake huwa rahisi kusahaulika kuwa ni ya nani.

Ndio maana tunahimiza maandishi. Mzee mmoja wa hapa, ambaye amekataa jina lake litajwe, amekusudia kuiwekea madrasa wakfu jaruba lake la ekari moja na nusu. Allah amkubalie. Tumemwambia mambo mawili. La kwanza, alifanye akiwa na afya yake, kwa sababu wakfu unaowekwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia na hauvuki theluthi moja ya mali. Na awaite watoto wake wasikie kwa masikio yao, kwani tumeona wakfu mwingi wa mdomo ukifa siku ya arobaini ya mwenyewe. La pili, apitie serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutoa hatimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kutolewa kwa kikundi. Ama wadhamini, wasajiliwe kwa Kabidhi Wasii, yaani RITA, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Wapo wanaoona karatasi hizi ni mambo ya kiserikali yasiyo na dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 ya al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni.

Liko jambo linalosemwa chini chini, nasi tutalisema kwa sauti. Watu wa hapa walishawahi kuchanga, na fedha zikapotea. Hatukuja kuchunguza nani alizila. Lakini tumeona jinsi lilivyowaumiza watu, hata leo mtu akisikia neno mchango anashika mfuko wake. Mwenye uchungu huo hana makosa. Dawa yake ni daftari linalosomwa mbele ya watu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni debe moja na chaki. Watunzaji wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na mmoja wao awe mwanamke atakayechaguliwa na wanawake wenyewe, kwani tumefanya uchunguzi mdogo tukagundua kuwa hapa mchele wa madrasa mara zote ulitoka jikoni kabla haujatoka mfukoni. Mwalimu asiwe mmoja wa watunzaji. Anayelishwa na hazina asiishike funguo yake, kwa usalama wake mwenyewe.

Tumepitia daftari la mwalimu. Watoto ni 62 na wanatoka katika nyumba 36. Kila nyumba ikitoa debe moja la mpunga safi wakati wa mavuno yatakuwa madebe 36, yaani magunia sita ya debe sita sita. Magunia sita hayatoshi nyumba yenye watu saba kwa mwaka mzima pamoja na nguo na dawa, na hatutawadanganya kuwa yanatosha. Yatakachofanya ni kumtoa mwalimu katika majaruba ya watu katika miezi hii ya mvua, ambayo ndiyo miezi madrasa hufungwa. Jaruba la wakfu likianza kuzaa msimu ujao litaongeza, na zaka za ng'ombe, wenye nazo wakizitoa, zitawafikia yeye na wanafunzi maskini kwa haki yao. Nyumba isiyo na mpunga isione haya. Mtoto wake anasoma kama wengine, na jina lake halisomwi katika daftari la waliotoa wala la wasiotoa. Aya ya 264 ya al-Baqara inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na kusoma majina ya maskini hadharani ni maudhi.

Lakini mavuno ni mwezi wa sita na leo tupo Januari. Kuna miezi mitano katikati. Kwa miezi hiyo tumezungumza na maimamu wa hapa, tukakubaliana kuwa nyumba nne nne zipokezane kila wiki, kila nyumba kibaba cha mchele au unga kwa siku moja ya kusoma, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Nyumba 36 zikigawanywa hivyo, kila nyumba inafikiwa mara moja katika wiki tisa. Sisi na wenzetu tuliofuatana nao tumekwisha toa ya wiki mbili za mwanzo, ipo kwa imamu, tumeipima mbele yake.

Baada ya swala ya alasiri leo tutakutana chini ya mwembe ulio upande wa kibla kuwachagua watunzaji watatu, na mama zetu watakutana barazani kumchagua wao. Mzee wa jaruba atakuja na watoto wake na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye ng'ombe asiyejua hesabu ya zaka yake aje tumhesabie, hatutamuuliza ya miaka iliyopita mbele ya watu. Na mwalimu ametuambia kuwa Jumatatu, inshaallah, saa nane mchana, watoto waje na mbao zao.